Hosomaki, uramaki, futomaki au temaki: chagua roli ya sushi kwa saa ya kula

Anayetaka kutengeneza sushi nyumbani kwa mara ya kwanza huuliza atie samaki gani. Swali zuri, ila lisiwe la kwanza. Kwanza jiulize: kati ya kukunja na kula patapita muda gani? Nori, ile karatasi nyeusi ya mwani, huanza kunyonya unyevu wa wali mara tu inapougusa. Dakika mbili tatu za mwanzo bado inavunjika mdomoni kwa mlio. Robo saa baadaye imekuwa kama ngozi iliyolowa: unaivuta kwa meno, na vya ndani vyote vinachomoka. Ikiachwa saa nzima au zaidi inalainika, ikatulia, na hapo inakatika tena bila ubishi. Aina nne za roli zinazowezekana katika jiko la kawaida la Nairobi zinatofautiana hapo hasa. Temaki, koni ya mkononi, haisubiri mtu. Hosomaki, roli nyembamba, husubiri kidogo; uramaki, yenye wali nje, huvumilia; na futomaki, ile nene, unaweza kuifunga ukasafiri nayo.

Wali ni mmoja kwa zote

Hapa hakuna uchaguzi mkubwa. Pishori ya Mwea, pamoja na sifa zake zote, haifai. Uzuri wake ni kunukia na kuchambuka, kila punje kivyake, na sushi inataka punje zishikane bila kupondeka. Roli ya pishori humwagika ubaoni kisu kinapoingia tu. Tafuta mchele wa punje fupi ulioandikwa kuwa ni wa sushi, au wa punje za wastani kama Calrose. Uulizie kwenye supamaketi kubwa na maduka ya vyakula vya Kiasia. Usije ukabeba ule wa kunata wa kutengenezea vitamutamu, maana mara nyingi hukaa rafu moja na huu. Punje zake mbichi ni nyeupe pepepe kama chaki, ilhali za mchele wa sushi zinapitisha mwanga kidogo. Ule ukiupika utapata gundi.

Kwa watu wanne pima mchele gramu 400. Uoshe kwa maji baridi mara nne au tano, ukiuzungusha kwa vidole bila kuusugua, hadi maji yakaribie kuwa maangavu. Uloweke nusu saa, kisha uuchuje robo saa. Tia sufuriani pamoja na maji mililita 500 hadi 520. Maelekezo mengi yaliyoandikiwa miji ya usawa wa bahari yanataja maji pungufu kuliko hayo na dakika 12 za moto. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo wali unadai muda na maji zaidi. Ukishachemka, funika, punguza gesi hadi mwisho kabisa, hesabu dakika 15 hadi 17, zima, uache dakika 15 nyingine bila kufunua. Ukoko ukitokea, uache ulipo. Wapo watakaougombania, lakini usiuchanganye na wali wa kukunja: kipande kimoja kigumu kinatosha kuitoboa nori.

Siki inaandaliwa wakati wali unapumzika: siki ya mchele mililita 60, sukari vijiko vikubwa viwili, chumvi kijiko kidogo kimoja. Pasha moto mpaka viyeyuke, isichemke. Kama siki ya mchele imekosekana, chukua siki nyeupe vipimo vitatu na maji kipimo kimoja, uongeze sukari kidogo. Siki ya tufaha inakubalika japo huacha harufu yake. Ile ya kahawia ya kunyunyizia chipsi iache dukani.

Upakue wali ungali moto kwenye sinia pana au bakuli kubwa lisilo la alumini, kwa kuwa siki hula alumini na kuacha ladha ya chuma. Mimina siki kote, kisha kata wali kwa ubavu wa mwiko na kuupindua, kata na kupindua. Usiusonge kama ugali. Punje zikipondeka unapata bokoboko tamu. Upepee kwa kipande cha katoni huku ukikata. Unyevu wa juu utaondoka na punje zitaanza kung'aa. Funika kwa kitambaa kibichi, usubiri hadi joto lake lilingane na la kiganja chako. Wali wa moto hutoa mvuke unaoikunyata nori na kuirarua. Wali uliolala friji umeshakauka na hautashikana hata uubane vipi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unaweza kuupika jana yake.

Hesabu kabla ya kununua

Gramu 400 za mchele hutoa karibu gramu 900 za wali. Wali huohuo ukiutumia kwa aina moja tu, hesabu inakuja hivi:

| Aina | Nori kwa roli | Wali kwa roli | Unapata | Karatasi za nori | Iliwe ndani ya |
|---|---|---|---|---|---|
| Temaki | nusu | g 45 | koni 20 | 10 | dakika 2 |
| Hosomaki | nusu | g 80 | roli 11, vipande 66 | 6 | dakika 10 |
| Uramaki | nusu | g 120 | roli 7, vipande 56 | 4 | saa 2 |
| Futomaki | nzima | g 225 | roli 4, vipande 32 | 4 | saa 4 |

Angalia safu ya nori. Pakiti ya kawaida ina karatasi 10, na kwa gramu ni ghali kuliko karibu kila kitu kingine mezani. Temaki, ambayo ni rahisi kuliko zote kukunja, inaimaliza pakiti nzima kwa wali ule ambao futomaki inautumia kwa karatasi nne. Anayebana matumizi aanze kufikiria hapo.

Pakiti ikishafunguliwa, nori hunyonya unyevu wa hewani. Miezi ya mvua ndefu, karatasi iliyoachwa wazi usiku mmoja huamka imelegea. Ipitishe juu ya moto mdogo wa gesi, umbali wa shubiri hivi, sekunde tatu kila upande. Itarudi kukakamaa na itanukia. Zilizobaki zifungie kwenye kopo pamoja na kile kipakiti cha kukausha kilichokuja nazo.

Temaki: ya kula palepale

Hii ni koni ya mkononi. Kata nori vipande viwili sawa, weka kimoja kiganjani upande wa kung'aa ukiwa chini, tandaza wali kwenye theluthi ya kushoto, laza vya ndani kwa mshazari, kisha pindua kona ya chini ya kushoto kuelekea juu na uzungushe. Kona ya mwisho ishikishe kwa punje moja ya wali. Wa mkono wa kushoto ageuze kila kitu. Huhitaji kimkeka cha vijiti cha kukunjia roli wala kisu kikali.

Kosa la kila mtu ni kujaza. Gramu 45 ni kiasi cha yai dogo. Ukizidisha, koni haifungi na ncha yake inavuja. Kosa la pili ni la mwenyeji mkarimu: anawakunjia wageni koni ishirini, anazipanga kwenye sahani, anawaita mezani. Zikifika midomoni zote ni ngozi. Temaki huliwa na aliyeikunja. Weka wali katikati ya meza, nori kwenye sahani kavu, vya ndani vimekatwa vijiti vya urefu wa kidole, na kila mtu ajihudumie. Familia yenye watoto wa kuanzia miaka sita saba haina haja ya kutazama aina nyingine: watoto hukunja vibaya na hula vizuri. Kumbuka tu bakuli la maji ya kunawia na vitambaa, la sivyo wali utafika hadi kwenye rimoti ya televisheni.

Hosomaki: nyembamba na kali kwa makosa

Inasifiwa kuwa ndiyo ya wanaoanza kwa kuwa ina kitu kimoja tu ndani: tango, au jodari, au parachichi. Sifa hiyo ina kasoro. Roli ina unene wa sentimita mbili na nusu, kwa hiyo kosa la milimita chache linaonekana, wakati kwenye futomaki lingefichika.

Karatasi nzima ya nori ina kama sentimita 19 kwa 21. Ikate upate vipande vya 19 kwa 10.5, kilaze kwenye kimkeka upande mrefu ukikuelekea, upande wa kung'aa chini. Lowesha vidole kwa maji yenye siki kidogo, tandaza gramu 80 za wali, na juu uache sentimita moja wazi. Wali uwe mwembamba kiasi cha kuona weusi wa nori ukichungulia baina ya punje. Weka kijiti cha tango chenye unene wa kidole kidogo, kilichotolewa mbegu. Kunja kwa mwendo mmoja ili ukingo wa wali wa kwako ukutane na ukingo wa wali wa mbele, bana, sogeza kimkeka, bana tena.

Ukikata na kukuta nori imejiviringisha ndani kama tarakimu 6, ujue wali ulizidi na ulianza kukunja kabla ya kuvuta. Ikipasuka mgongoni, wali ulikuwa wa moto au mwingi. Roli igawe katikati, weka nusu zote mbili sambamba, kila moja uikate mara mbili. Hivyo unapata sita zinazolingana.

Uzuri wa hosomaki ni nori inayolia. Inawafaa watu wawili wanaokula wakiwa wamesimama jikoni huku mmoja anakata. Kwa karamu ya watu kumi ni kujitesa.

Uramaki: ya wageni wasioipenda nori

Hapa wali uko nje na nori imejificha ndani. Mtindo huu ulizaliwa Amerika Kaskazini, na Los Angeles na Vancouver wanagombea hadi leo nani aliutangulia. Ndio unaojulikana zaidi mikahawani Nairobi, na anayesema "nilikula sushi" mara nyingi alikula huu. Kwa sababu nori haiko mstari wa mbele, ikilainika haionekani, na mgeni anayekunja uso kwa harufu ya bahari haisikii sana.

Kimkeka lazima kivalishwe plastiki ya kufungia chakula, vinginevyo wali utaingia kati ya vijiti na utakaa jioni nzima ukivichokoa kwa mswaki. Tandaza gramu 120 za wali kwenye nusu ya nori hadi kingo zote bila kuacha nafasi, nyunyiza simsim iliyokaangwa, geuza nori iwe juu, panga vya ndani karibu nawe, kunja. Kijadi ni kaa, tango na parachichi. Vile vijiti vya kaa vya kwenye jokofu ni samaki mweupe aliyesagwa na kutiwa rangi. Vinafaa kabisa, ila anayefuata halali asome pakiti kwanza, kwani baadhi hutiwa mvinyo wa mchele. Mvinyo huohuo mtamu, mirin, wengine huutia kwenye siki ya wali. Sushi haiuhitaji, sukari inatosha.

Parachichi ndilo linalowaangusha wengi. Likiwa limeiva la kupaka mkate, hupondeka kimkeka kikibana na kuchungulia nje kama dawa ya meno. Chagua lililo hatua moja nyuma: likibonyezwa karibu na kikonyo lilegee kidogo, tumboni liwe bado imara. La aina ya Hass huvumilia kisu zaidi ya Fuerte. Embe la Makueni lisiloiva kupita kiasi hufanya kazi nzuri hapa pamoja na kamba, na ukipata pilipili mbichi iliyokatwa nyembamba, weka.

Kisu sasa. Uramaki huharibikia kwenye kukata kuliko kwenye kukunja. Kisu cha kuchinjia vitunguu kisichonolewa tangu Krismasi kitasukuma wali badala ya kuupasua. Kinoe, kifute kwa kitambaa kibichi baada ya kila kata, na ukivute kuelekea kwako kwa mwendo mrefu. Ukiona punje zimeng'ang'ania ubapa, usiendelee, futa kwanza. Njia rahisi ni kukata roli ikiwa bado imefunikwa plastiki, kisha kuivua kipande kwa kipande. Roli moja hutoa vipande vinane.

Futomaki: ya kubeba

Ukiulizwa ni ipi ya kufanya Jumamosi kwa ajili ya watu wanaokuja saa saba na watafika saa tisa, jibu ni hii. Ni roli nene ya karatasi nzima, yenye vitu vinne hadi sita ndani, na kijadi vingi vimepikwa. Wajapani huila sherehe nyingi. Mwanzoni mwa Februari, siku ya Setsubun, huila nzima bila kukatwa, kimya, wakitazama upande wa bahati wa mwaka huo. Haitegemei nori kavu. Ikikaa saa moja, nori na wali vinashikana na inakatika vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya. Hata ikikwama kwenye msongamano wa Ngong Road, inafika salama.

Vya ndani vingi viko soko la mboga la kawaida. Mayai matatu yaliyopigwa na kijiko cha sukari na chumvi kidogo, yakakaangwa tabaka tabaka na kukatwa mikanda ya upana wa sentimita moja. Karoti ya vijiti iliyochemshwa dakika mbili. Tango bila mbegu. Uyoga uliopikwa kwa soya na sukari hadi mchuzi ukauke. Spinachi iliyotumbukizwa kwenye maji yanayochemka nusu dakika, ikapozwa, kisha ikakamuliwa kwa mikono miwili mpaka isitoe hata tone. Hilo la mwisho lina uzito: majani yanayotoa maji hulowesha wali kutoka ndani, na baada ya saa mbili kipande kinaachana katikati kama kitabu kilichonyeshewa.

Tandaza gramu 225 za wali, uache sentimita mbili wazi mbele. Vya ndani vipange kuanzia theluthi ya kwanza, vigumu upande wako, laini kati yake. Vishike kwa vidole huku vidole gumba vikiinua kimkeka, kwa sababu vingi vinapenda kukimbilia mbele. Iache dakika tano, ukingo wa mwisho ukiwa chini, ili nori ijifunge kwa uzito wake, kisha ukate vinane. Kimkeka kikikosekana, kitambaa safi cha jikoni kilichofunikwa plastiki kinatosha. Kwa hosomaki kisingetosha.

Mbichi au iliyopikwa

Samaki wa maji baridi, iwe ngege, sangara au trauti wa mabwawa ya mlimani, haliwi mbichi kabisa. Hubeba minyoo inayoweza kuishi ndani ya mtu, na siki ya wali haiui. Samaki wa baharini naye anahitaji kugandishwa kwanza. Kanuni ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friza ya nyumbani hukusudiwa nyuzi 18, na ile inayofunguliwa kila dakika kutoa barafu haifiki hata hapo. Tena kugandisha huua minyoo, hakuui bakteria. Kwa hiyo samaki anayeuzwa kwa ajili ya kupikwa, umemnunua Gikomba au City Market, mpike. Wa kuliwa mbichi mnunue kwa muuzaji anayemuuza akiwa amegandishwa kwa kazi hiyo, umyeyushe ndani ya friji, na umle siku hiyohiyo. Wajawazito na watoto wadogo wapewe vilivyopikwa.

Jodari ana jambo lake. Akikaa bila barafu, hata saa chache tangu avuliwe, mwilini mwake hujengeka histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na moto hauiondoi. Ukimpata anawasha ulimi kama pilipili, mteme. Muulize muuzaji kuhusu barafu kabla ya kumuuliza bei.

Kwa temaki na hosomaki, zinazoliwa palepale, samaki mbichi aliyenunuliwa vizuri ana nafasi yake. Kwa uramaki inayokaa saa mbili mezani ni afadhali kamba waliochemshwa dakika mbili, au jodari wa mkebe aliyekamuliwa na kuchanganywa na mayonesi na pilipili. Futomaki ya kubeba isitiwe kibichi hata kidogo.

Mezani

Soya iwe kidogo kwenye kisahani, na kipande kichovywe upande wa nori au samaki. Wali ukiingia ndani hunyonya soya yote na kusambaratika. Uramaki haina upande huo, kwa hiyo gusisha pembe tu. Ile wasabi ya kwenye tyubu kwa kawaida ni mzizi mkali wa Ulaya uitwao horseradish pamoja na haradali, vikatiwa rangi, na kiasi cha punje ya mahindi kinatosha watu wawili. Tangawizi ya pembeni unaweza kujitengenezea: changa, ikatwe nyembamba kama karatasi, ichemshwe dakika moja, kisha imiminiwe siki na sukari ya moto. Haitakuwa ya waridi kama ya kwenye chupa isipokuwa iwe changa sana.

Zikibaki roli za vilivyopikwa tu, zifunge na kuziweka friji kabla hazijatimiza muda wa saa nne tangu zikunjwe. Asubuhi wali utakuwa mgumu kama kokoto. Chovya kila kipande kwenye yai lililopigwa, ukaange kwa mafuta kidogo pande zote mbili hadi katikati pawe moto kabisa, na wali utalainika tena. Zenye samaki mbichi usizihifadhi; zilizobaki zitupwe usiku huohuo.